Kufufua boti kuukuu ya faiba kwa fedha kidogo: anza na tezi, rangi iwe ya mwisho

Faiba haiozi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Boti imelala ufukweni miaka minane, rangi imepauka, kuku wanatagia ndani, lakini ukiigonga ubavuni kwa ngumi inaitika vizuri, na mwenyewe anataka bei ya kuiondoa tu mbele ya macho yake. Unalipa. Usichokiona ni kwamba boti nyingi za faiba zina mbao ndani: ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti, unaobeba mashine, mihimili iliyolala chini ya sakafu kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, na sakafu yenyewe. Mbao hizo zimefunikwa kwa faiba pande zote, kwa hiyo maji yakishapenya kwenye tundu moja la bolti hayana pa kutokea. Yanakaa humo mpaka mbao inageuka tope.

Boti yangu ya kwanza ilikuwa ya futi 19. Niliinunua Pangani, nikaipaka rangi nyeupe na mstari wa buluu, nikaifunga mashine ya farasi 40, nikaamini nimemaliza. Mwezi wa tatu wa kuitumia, tukirudi kutoka kisiwa cha Maziwe kusi imekaza, nikaona mashine inainamisha kichwa kwa kila wimbi. Nilipoweka kiganja kwenye kona ya tezi, ufa ulikuwa unafumbuka na kufumba kama mdomo wa samaki. Tuliifunga mashine kwa kamba kwenye benchi, tukaja polepole mpaka mlangoni mwa mto. Fedha niliyotia kwenye rangi ingenunua plaiwudi na rezini, ile gundi inayogandisha faiba, ya kutosha kujenga tezi upya. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza nyuma ya boti na kumalizia na rangi.

Kabla hujatoa fedha

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi, keekee yenye ncha ya milimita 5, na mtu mzito. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi hii alikuwa haangalii boti mpaka apelekwe nyuma. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu. Usinionyeshe omo, kila boti ina omo nzuri. Nizungushe tezini."

Gonga ubao wa tezi, ambao mafundi wengi huuita transomu, sentimita kumi kumi kutoka juu hadi chini. Penye uzima sauti ni kavu na nyundo inaruka. Penye kuoza sauti ni nzito, kama unagonga gunia. Kama mashine bado imefungwa, mtu mzito aishike kwenye mguu wake wa chini aivute juu na kuiachia, wewe ukitazama ukingo wa juu wa transomu. Ukicheza hata kidogo, ndani hamna kitu. Mwenyewe akikubali, toboa matundu mawili madogo upande wa ndani, karibu na sakafu, maana maji hushuka. Ukitoka unga mweupe mkavu wa mbao, shukuru. Yakitoka maji ya rangi ya chai au uji mweusi, transomu inabadilishwa, na bei ya boti ishuke kwa gharama ya kazi hiyo.

Tembea juu ya sakafu kwa visigino. Panapobonyea pameoza, na mara nyingi mihimili ya chini yake nayo imeoza. Kisha lala chini utazame ganda kwa nje. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za gelikoti tu, ile ngozi ya nje yenye rangi, na hazitishi. Ukiona malengelenge, toboa moja: yakitoka maji yenye harufu kama siki, maji yamekaa muda mrefu ndani ya faiba na ganda litahitaji kukwanguliwa na kukaushwa wiki kadhaa. Hilo linatibika. Boti ninayoiacha ni ile ambayo mkuku wake, uti wa chini unaotoka omo hadi tezi, umepinda ukiutazama kutoka omo, au yenye ufa unaokatiza tumbo kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Hiyo imeshavunjika mgongo.

Nunua ganda peke yake ukiweza, bila mashine. Mashine mbovu huongeza bei na mara nyingi haifai kitu.

Kuipandisha na kuilaza

Ngoja bamvua. Maji makubwa ya bamvua yataifikisha boti juu kabisa ya ufuko bila wewe kukodi winchi, kisha vipande vya minazi au mabomba ya plastiki vinatosha kuisogeza hadi kivulini. Usiivute kwa mkuku juu ya mchanga mkavu wenye matumbawe. Ndivyo mikuku mingi ya boti za faiba inavyolika mpaka nyuzi zinaonekana.

Hatua inayofuata watu huiruka, kisha hujuta. Ukishang'oa sakafu na mihimili, ganda la faiba linakuwa laini kama beseni. Likilala vibaya litapinda, na ukilijenga likiwa limepinda litabaki hivyo maisha yake yote, nalo litavuta upande mmoja majini. Tengeneza vitanda vitatu vya mbao vilivyokatwa kufuata umbo la tumbo: kimoja omo, kimoja katikati, kimoja tezini. Juu yake weka vipande vya tairi la zamani. Funga kamba mbili kutoka kona ya tezi ya kulia hadi ubavu wa omo wa kushoto, na kinyume chake. Pima zote mbili. Urefu ukilingana na kamba zikigusana tu pale zinapokatizana, boti imenyooka. Acha kamba hizo hapo mpaka mihimili mipya ikauke.

Chagua msimu. Kaskazi ya Januari na Februari ni nzuri, Julai na Agosti pia, kwa kuwa hewa ni kavu na asubuhi hakuna joto kali. Wakati wa masika fanya kazi ya mashine na useremala, rezini iache dukani.

Hesabu ya vifaa

Boti ya futi 19 yenye transomu ya upana wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 60 inahitaji karatasi moja tu ya plaiwudi ya milimita 18 kwa tezi. Karatasi ina mita 1.22 kwa 2.44. Ukiipasua katikati kwa urefu unapata vipande viwili vya sentimita 60, na kila kimoja unakikata mita 1.5. Hivyo viwili vikigandishwa pamoja vinakupa unene wa milimita 36, na mabaki ya karibu sentimita 90 yanatosha magoti ya kuegemeza transomu kwenye mihimili.

Plaiwudi iwe ya baharini, au angalau ile ya gundi isiyoachia kwa maji. Usimwamini muuzaji kwa mdomo. Omba kipande cha sentimita kumi, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe juani, kichemshe tena. Kikiachana matabaka, jiko limeokoa boti yako. Usitumie mbao ya msaji kwa kugandisha na rezini, kwa sababu mafuta yake huzuia kushika, wala mbao iliyotiwa dawa.

Faiba utanunua ya aina mbili. Mati ni ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa, na inayotumika sana ni ya gramu 450 kwa mita ya mraba. Ya pili ni kitambaa kilichosukwa, cha gramu 600 au 800. Mati hushikanisha na kujaza, kitambaa ndicho chenye nguvu ya kuvutwa. Tabaka moja la mati ya 450 likikauka lina unene wa karibu milimita 1. Mati hunywa rezini mara mbili hadi mara mbili na robo ya uzito wake, kwa hiyo weka kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Kitambaa hunywa karibu uzito wake.

Kwa transomu hii, ukihesabu na faiba inayokunjwa kwenye mbavu na sakafu, una mita 1.5 za mraba. Matabaka matatu ya mati ni kilo 4.5 za rezini, mawili ya kitambaa ni karibu kilo 2, na ya kugandishia plaiwudi na kujazia kona ongeza kilo 4. Jumla kilo 10 na nusu. Ukiongeza mihimili, sakafu na viraka vya ganda, boti nzima itakula kilo 30 hadi 35. Nunua rezini kwa wakati mmoja kwa anayekupimia kutoka pipa moja, maana ukibadilisha aina katikati ya kazi inabidi ujifunze upya jinsi inavyokauka.

Okoa fedha kwenye bolti za chuma cha pua, ambazo zilizotumika zinafaa zikiwa hazijapinda, kwenye brashi za bei nafuu, na kwenye mbao za vitanda. Usiokoe kwenye plaiwudi, barakoa na miwani.

Rezini na hadena

Rezini ya poliesta inakauka kwa kuchanganywa na hadena, yaani MEKP, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Kwa joto la pwani mimi hubaki kwenye asilimia 1. Njia rahisi ya kupima ni bomba la sindano la duka la dawa, bila sindano yake: nusu kilo ya rezini, mililita 5 za hadena. Usichanganye zaidi ya nusu kilo kwa wakati mmoja. Na usishuke chini ya asilimia 1 ukidhani unajipa muda, kwa sababu rezini hiyo inaweza isikauke kabisa na utalazimika kuikwangua yote. Ukitaka muda zaidi, anza saa 1 asubuhi, fanya kazi kivulini, na ukalishe ndoo ya rezini ndani ya beseni la maji baridi bila tone kuingia.

Kabla ya siku ya kazi changanya kikombe kimoja cha majaribio uone dakika ngapi kinaganda. Kitaanza kuwa kama jeli, kisha kitapata moto. Mchanganyiko uliobaki kwenye kikopo chembamba unaweza kufuka moshi, hivyo umwage mapema kwenye sinia pana, nje, juu ya mchanga.

Kuna mambo matatu ya usalama ambayo sina utani nayo. Hadena ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani tangu unapofungua chupa na uwe na maji mengi safi karibu. Pili, rezini nyingi za dukani zimeshatiwa kobalti, kichocheo cha kuikausha, lakini ukiuziwa kobalti pembeni, usiikutanishe moja kwa moja na hadena hata siku moja, kwani hulipuka. Kobalti huingia kwanza kwenye rezini, ikorogwe mpaka iishe, ndipo hadena ifuate. Tatu, vitambaa vyenye hadena huweza kuwaka vyenyewe vikirundikwa. Vitie kwenye ndoo ya maji. Mvuta sigara na asimame mbali, asitoni ya kusafishia iko hewani nayo hushika moto.

Vumbi la faiba nalo lina adabu yake. Vaa barakoa ya vumbi inayobana, nguo za mikono mirefu, na ufunge mikono kwa utepe kwenye kifundo. Wakati wa kupaka rezini barakoa hiyo haitoshi, unahitaji yenye vichujio vya mvuke. Jioni oga kwanza kwa maji baridi yanayotiririka, bila kusugua, kisha ndipo sabuni. Na usipige grainda pale wanapoanikia dagaa au kutengeneza nyavu. Kusanya vumbi kwenye viroba, lisiachwe kwenye mchanga.

Kujenga transomu upya

Pima kila kitu kabla hujakata: kimo kutoka ukingo wa juu hadi chini ya mkuku, na ulalo wa transomu, ambao kwa kawaida ni nyuzi 12 hadi 14 kutoka wima. Kimo ndicho kinachoamua mashine. Mguu mfupi unahitaji karibu milimita 381, mguu mrefu milimita 508. Chora umbo la transomu kwenye boksi gumu, ulikate, ulijaribu mpaka likae.

Kata kutoka ndani. Seti grainda ipasue ngozi ya ndani tu, ukiacha ukingo wa sentimita 5 kuzunguka mbavu na sakafu. Ng'oa ngozi, kisha toa mbao kwa patasi na nyundo. Iliyooza itatoka kwa mkono, na iliyo nzima itakugombeza siku nzima. Ngozi ya nje usiiguse. Ndiyo itakayokuwa kalibu yako na ndiyo inayobaki na sura ya boti. Ukimaliza, piga msasa namba 40 mpaka faiba ya ndani iwe na rangi moja isiyo na mng'ao.

Sasa subiri. Bandika kipande cha nailoni angavu kwenye faiba kwa utepe pande zote nne na ukiache hapo siku nzima ya jua. Ukikuta umande ndani yake, faiba bado ina maji. Mimi nilishasubiri wiki tatu kwa sababu ya umande huo, na sijutii hata siku moja kati ya hizo.

Gandisha vipande viwili vya plaiwudi nje ya boti kwanza. Paka kila uso rezini nyepesi, uiache inywe, kisha weka tabaka moja la mati iliyolowa katikati, bana kwa jiliwa au kwa mawe mazito juu ya meza iliyonyooka. Kingo za plaiwudi zipakwe rezini mara tatu, kwa kuwa hapo ndipo mbao hunywa maji haraka kama mrija.

Siku ya kuingiza, uwe na wenzako wawili. Futa kwa asitoni. Laza mati mbili za 450 zilizolowa vizuri juu ya ngozi ya nje, paka plaiwudi, isukume mahali pake. Ya kubanisha: pitisha bolti ndefu kwenye matundu ya zamani ya mashine, weka mbao nene nje na ndani ili zigawe nguvu, kaza taratibu mpaka rezini itokeze kingoni pande zote. Isipotokeza mahali fulani, hapo pana hewa. Weka nailoni kati ya mbao za kubania na boti, la sivyo nazo zitakuwa sehemu ya boti.

Faiba haipendi kona kali, huacha mapovu. Changanya rezini na unga wa silika na nyuzi zilizokatwakatwa mpaka iwe kama ugali laini, jaza kona zote za transomu na mbavu, kisha pitisha kitako cha chupa ya soda. Utapata mviringo unaofaa.

Ujazio ukiwa umeshika lakini bado unanata kidogo, laza matabaka: mati, kitambaa, mati, kitambaa, mati. La kwanza lizidi sentimita 10 kwenye mbavu na sakafu, kila linalofuata lizidi lililotangulia kwa sentimita 2 au 3. Paka rezini kwanza, laza mati, igonge kwa ncha za brashi bila kuiburuza, kisha pitisha rola ya mifereji kutoka katikati kwenda nje. Mati iliyolowa sawasawa hugeuka kutoka nyeupe na kuwa karibu angavu, na doa jeupe ni hewa. Usizidishe matabaka matatu kwa mkupuo mmoja, joto litapindisha kazi. Mengine yafuate asubuhi ya pili. Ukichelewa zaidi ya hapo, piga msasa kwanza.

Matundu ya mashine yana kanuni yake, na hii ndiyo itakayokulinda usirudie kazi baada ya miaka mitano. Kwa bolti ya milimita 12, toboa tundu la milimita 18, lizibe lote kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika, likauke, kisha toboa milimita 12 katikati ya epoksi. Bolti haitagusa mbao kabisa. Epoksi ni ghali, lakini kwa kazi hii kopo dogo linatosha. Itumie mwishoni tu: epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, ila poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi.

Mihimili na sakafu

Usiing'oe yote pamoja. Toa mhimili mmoja, jenga mpya, ukauke, ndipo uende wa pili. Chukua vipimo vya kimo kila sentimita 30 kabla ya kukata.

Mbao ya mhimili kazi yake kubwa ni kuipa faiba umbo, nguvu inatoka kwenye faiba iliyoizunguka. Usiikalishe moja kwa moja juu ya ganda, kwa kuwa wimbi likipiga tumbo litavunjikia hapo penye ugumu. Ilaze juu ya ujazio mnene wa unene wa kidole, tengeneza kona za mviringo, funika kwa mati, kitambaa, mati, zikitanda sentimita 10 kila upande kwenye ganda. Toboa njia za maji sehemu ya chini na uzizibe kingo zake kwa rezini, ili ngama, yaani maji yanayoingia ndani ya boti, ikusanyike tezini unapoweza kuichota.

Povu gumu la zamani chini ya sakafu, lile la kusaidia boti kuelea, likamue kwa mkono. Likitoa maji, toa lote. Linaweza kuwa limebeba uzito wa watu wawili bila wewe kujua.

Kwa sakafu plaiwudi ya milimita 12 inatosha, ipakwe rezini chini, juu na kingoni kabla ya kufungwa, kisha tabaka moja la mati na moja la kitambaa juu. Acha kifuniko cha kufungua karibu na tezi. Boti isiyokuonyesha ngama yake inaficha jambo.

Matundu na nyufa za ganda

Ufa unaopita hadi ndani usizibwe kwa pati. Utarudi. Piga grainda kwa ndani au nje mpaka ukingo uwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene: ganda la milimita 5 linahitaji mteremko wa sentimita 6 kuzunguka tundu lote. Upande wa pili bana kipande cha fomeka kilichopakwa nta, kitakupa uso laini. Jaza kwa matabaka ya mati, la kwanza likiwa pana kuliko yote. Mkuku uliolika upewe mati nne na kitambaa kimoja.

Neno kwa waliokulia kwenye mitumbwi na ngalawa: mazoea ya mbao yasihamishiwe kwenye faiba. Kuchoma tumbo la chombo kwa makuti ni dawa nzuri ya wadudu wa mbao, lakini faiba itashika moto. Deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa) na sifa (mafuta ya papa) navyo viache, mafuta yakishaingia kwenye faiba rezini haitashika tena siku ukitaka kuweka kiraka. Silikoni ni hivyo hivyo. Pa kuziba tumia siilanti ya poliyurethani.

Kuelea ikijaa maji

Faiba ni nzito kuliko maji, karibu mara moja na nusu. Ganda la kilo 300 likijaa maji bado lina kilo 100 za kuzamisha, na mashine ya mipigo miwili ya farasi 40 ina karibu kilo 70. Dumu tupu la lita 20 linainua karibu kilo 19. Madumu 9 yanashikilia chombo tu, kwa hiyo mimi huweka 14, ili watu wawe na cha kushika. Yapange juu, chini ya mabenchi na kandokando ya mbavu, nusu kila upande. Yakiwa yote chini, boti iliyojaa maji itapinduka. Rezini haishiki plastiki ya dumu, hivyo yafungie ndani ya visanduku vya plaiwudi au kwa mikanda. Povu jeupe la kufungia televisheni usitumie, petroli na rezini huliyeyusha.

Rangi, mashine, na siku ya kushuka

Tabaka la mwisho la rezini liwe na nta, la sivyo uso utabaki unanata. Lioshe kwa maji na sabuni, piga msasa namba 120 kisha 240, na upake rangi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa na kikaushio chake. Rangi ya kuzuia chaza inahitajika tu kama boti italala majini. Ikipandishwa ufukweni kila siku, baki na fedha zako.

Ya mashine nitasema machache. Kabla ya kuinunua, toa plagi na upime mgandamizo wa kila silinda, ulinganifu ni muhimu kuliko ukubwa wa namba. Badilisha impela ya pampu ya maji hata kama ya zamani inaonekana nzima. Toa oili ya gia, ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekwisha. Mashine nyingi za mipigo miwili hutumia oili kwa 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita ya petroli, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Ifunge ili bamba lake la juu ya propela liwe sawa na chini ya ganda au chini kidogo.

Vibali usiviache mpaka mwisho. Tanzania Bara ukaguzi na usajili wa vyombo uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni mamlaka ya bahari ya nchi hiyo, KMA. Piga picha kila hatua ya kazi, hasa ndani ya transomu kabla ya kufunikwa, umwonyeshe mkaguzi.

Shusha siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Majaketi kwa wote, makasia, kamba na nanga ndani. Kaa dakika 30 karibu na ufuko mashine ikiwa kimya, fungua kifuniko cha sakafu utazame ngama. Ikiwa kavu, washa, hakikisha maji yanatoka kwenye kitundu cha mashine, enda polepole, kisha nusu, kisha mwendo kamili kwa dakika chache. Mwenzako ashike usukani, wewe kaa nyuma na kiganja chako kwenye kona ya tezi. Rudi ufukweni, kaza bolti zote upya maana saa ya kwanza hulegea, na ufungue kifuniko kwa mara ya pili.